Mega za Kumuona Mama

Jumapili ile Dorothée alioga mara mbili. Mara ya kwanza alioga kwa ajili ya misa, kama kila mtu wa Nyabiondo. Misa ilipokwisha akaingia tena nyuma ya nyumba na ndoo, akajisugua uso na shingo mpaka Carmel, binti yake, akamuuliza kama kuna kitu kimemuwasha.

"Naenda kuonekana na mama yangu," alijibu. "Unataka anione na majivu?"

Carmel alimtolea kikwembe cha sikukuu, kile kitenge chake kizuri, kutoka kwenye sanduku, akamshikia kioo wakati anafunga kitambaa cha kichwa. Dorothée alikifunga, akakifungua, akakifunga upya. Kwa mama yake kitambaa kilichopinda kilikuwa alama ya mwanamke aliyekata tamaa, na Dorothée hakutaka kuonekana hivyo, hata kama ndivyo alivyokuwa.

Mama mwenyewe, Koko Solange kwa wajukuu wake, alikuwa Ntoto, upande wa Walikale, kwa mwanawe Esdras. Tumbo lilikuwa limemvimba tangu mvua zilipoanza, na muuguzi wa kule alikuwa ameshaacha kutaja dawa. Sasa alisema tu wampe anachotaka. Alichotaka hakikuwa chakula. Alitaka kumuona Dorothée. Na Dorothée hangeweza kwenda. Njia ilikuwa imefungwa, na watu walikuwa wamechoka kuuliza imefungwa na nani. Waliuliza tu kama pikipiki zinapita, na jibu lilikuwa hazipiti.

Simu ya kawaida haikusaidia kitu. Sikio moja la yule mzee lilikuwa limekufa, na kila walipombandika simu kwenye lile la pili aliisukuma, akisema ni nzi ndani ya kopo. Macho nayo yalikuwa na ukungu. Sura ya mtu aliitambua ikiletwa karibu kabisa. Ndipo Esdras akapata wazo la video. Angempandisha mama kwa kipoyi, ile machela ya miti inayobebwa mabegani, mpaka mahali ambapo réseau, mtandao wa simu, inashika upande wao. Dorothée angepanda kilima cha kwao. Mama angemuona mtoto wake kwenye kioo cha simu, akiwa karibu kama anavyotaka. "Jumapili kisha misa," Esdras alikuwa amesema. "Wanaume wa kubeba nimeshawaomba. Musikose."

Polycarpe, mume wa Dorothée, alilichukua jambo lile kama la kwake. Aliuza jogoo, akaenda kwa Sidonie, yule muuza unités za simu, akanunua mega za intaneti za kutosha kuongea kwa video mpaka mzee achoke mwenyewe. Halafu Jumamosi jioni akaipeleka simu kwa Élysée ikachajiwe. Bondeni kwao hapakuwa na réseau hata ya kuonja. Simu ikiwa nyumbani ilikuwa tochi na redio, basi. Réseau ilikuwa juu kilimani, na umeme pia ulikuwa huko huko, maana Élysée alikuwa ameweka panneaux zake za jua pale, na chini yake kibanda chenye meza iliyojaa nyaya. Mtu aliacha simu jioni, akaichukua kesho yake ikiwa imejaa.

"Kila kitu iko tayari," Polycarpe alimwambia mke wake walipoanza kupanda. Alikuwa amevaa koti, na jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka. "Batri itakuwa imejaa pima. Mega nazo usiseme, ni nyingi. Leo mutaongea mpaka muchoke."

"Mungu asaidie," Dorothée alisema.

* * *

Kilimani Jumapili hapakosi watu. Vijana walikuwa wamekaa kwenye majani, kila mmoja ameinamia simu yake, na wanawake wa kwaya, bado na mavazi yao meupe, walikuwa wakicheka karibu na kibanda cha Sidonie kilichofungwa. Élysée alimrudishia Polycarpe simu yake, ya moto kidogo, betri imejaa kweli. Dorothée alichagua mahali pasipo na upepo, akasimama wima, mikono imeshika kikwembe.

Simu ikalia. Polycarpe aliipokea, akabonyeza palipo kijani, akamuwekea mke wake mbele ya uso. Kwanza likaonekana jani la mgomba, kisha mkono wa Esdras, kisha paji la uso. Paji tu, lakini Dorothée alilijua.

"Mama."

"Esdras, iko wapi?" sauti ya mzee ilisema. "Mimi sione kitu."

"Angalia hapa ndani, mama. Si njo huyu?"

Simu ya kule ikashushwa, na uso wa Koko Solange ukaingia wote. Mashavu yalikuwa yamebonyea. Kitambaa cheupe kichwani kilikuwa kimepinda upande. Bila shaka kilifungwa na mmoja wa wale wanaume, maana yeye mwenyewe hangekubali kutoka mlangoni hivyo. Watu wawili watatu walisogea kuchungulia. Polycarpe aliwapungia mkono wakae mbali, ila alikuwa na furaha kwamba wanaona.

"Dorothée, njo wewe?"

"Njo mimi, mama."

"Sogea. Sikuone vizuri. Sogea ku mwangaza."

Dorothée aligeukia jua. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuuliza habari ya tumbo, uso wa mama yake ukaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu. Kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka weee, halafu uso ukaondoka, yakabaki maneno ya Kifaransa.

"Ni réseau," Polycarpe alisema haraka. Aliichukua simu, akaiinua juu ya kichwa, akaipeleka kushoto, akapanda juu ya jiwe. "Ngojeni kidogo. Ni réseau ya kule kwao."

Kijana mmoja alicheka, si kwa ubaya. Élysée alitoka kwenye kibanda, mikono nyuma, akaiangalia simu bila kuikaribia sana.

"Papa Carmel, réseau iko. Si unaona wote wako naongea? Ulizia mega zako."

Polycarpe alibonyeza namba za kuulizia. Jibu lilipoingia alilisoma, akalisoma tena midomo ikicheza, na hakulisoma kwa sauti. Dorothée aliitazama midomo ile akaelewa.

"Zimeisha?"

"Inasema zimeisha. Lakini haiwezekane. Nilizinunua jana. Sijagusa hata moja."

Dorothée aligeuka. Hakupiga kelele, ila alisema kwa sauti ya mtu anayetaka kila aliyepo asikie. "Simu ililala kwa nani?"

Élysée alirudi nyuma hatua moja.

"Nauliza, simu ililala kwa nani? Mega za kumuona mama yangu mugonjwa, wewe umeziangalilia filme?"

Wanawake wa kwaya waligeuka. Élysée alikuwa na sura ya mtu aliyeulizwa swali hilo zamani na jibu lake bado linamuuma. "Mama Carmel, mimi sigusake simu ya mutu," alisema. Akaokota kijiti, na kwa kijiti kile akamuonyesha Polycarpe pa kubonyeza: hapa, sasa hapa, shuka chini, ingia pale pameandikwa matumizi. "Soma mwenyewe. Soma kama zilikuliwa na nani."

Polycarpe alisoma. Ilikuwa orodha fupi, na hapakuwa na jina la filamu hata moja. Palikuwa na ile duka ya applications, na système, na neno lile lile likijirudia: mise à jour.

"Ilikula yenyewe," Élysée alisema. "Ilikuwa inajifanyia mise à jour. Ikiona iko ku umeme, na réseau ni muzuri, na mwenyewe amelala, inasema sasa njo saa yangu."

"Mise à jour ya nini?" Dorothée aliuliza.

"Ya kujirudisha mupya. Applications zinavaa nguo ingine."

"Nani aliiomba?"

"Hakuna mwenye aliiomba, mama. Njo vile walizitengeneza. Kule kwenye walizitengenezea, watu hawahesabu mega." Alimgeukia Polycarpe. "Jana ulipoiacha, ulifunga données?"

Polycarpe alikuwa bado juu ya jiwe. Alishuka. Bondeni kwao hakuwahi kuzifunga, zile data za simu, maana bila réseau kufunga na kufungua ni kitu kimoja. Msimu mzima simu ile ilikuwa na mlango wazi na hakikuingia wala kutoka kitu. Na jana alikuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amesimama pale pale kibandani, kidole juu ya kile kitufe, akakiacha kwa makusudi.

"Niliziacha wazi," alisema, akiangalia chini, "ili habari ikitoka Ntoto usiku, iingie."

Dorothée hakumtazama. Alimtazama Élysée. "Na wewe uliona kama ziko wazi?"

"Niliona. Ile mishale ya juu ilikuwa inacheza, moja inapanda, moja inashuka."

"Na ukaiacha."

"Mama Carmel, kuna mutu alisema hapa hapa nilimwiba mega. Alisemea mbele ya watu wote, na mutu wa kwanza kuniamini hakuonekana. Toka ile siku nilikata shauri: simu ya mutu ninaichomeka, ninaichomoa, basi. Na leo umeniita mwizi tena, na sijaigusa." Alitupa kijiti chake. "Sasa nifanye namna gani?"

Dorothée aliona aibu, na aibu yenyewe ilimkuta amechoka mno hata hakuweza kuionyesha.

Alikwenda kwa Sidonie, akamkuta katikati ya wenzake wa kwaya. "Dada, mama yangu wamemubeba ku kipoyi. Anangoja. Niuzie hata kidogo."

"Jumapili siuze," Sidonie alisema. "Unajua."

"Najua. Nakuomba."

Sidonie alimuangalia kikwembe, akamuangalia kitambaa, akaguna. "Mukinunua simu ya kioo mujue kuilisha," aliwaambia wenzake, kana kwamba Dorothée hayupo, na mmoja akacheka. Lakini mkono wake ulikuwa umeshatoa simu yake mfukoni, ukafungua kile kitu cha kugawia simu za wengine mega zake. "Kuja karibu. Muambie bwana yako akamate hii yangu. Simuuzie, namugawia."

Polycarpe aliikamata, akapiga. Ikalia kule Ntoto mpaka ikakata. Akapiga tena. Walisimama watatu wamebanana, Sidonie akinukia sabuni ya misa, na simu ikaendelea kulia mahali ambapo hakuna wa kuipokea. Halafu likaingia kwenye simu ya Polycarpe kijibarua cha kawaida, kile kisichohitaji mega. Alikisoma kwa sauti.

"Dada, mvua inakuja, mama amechoka, tunamurudisha. Usiogope, aliongea vizuri."

"Aliongea nini?" Dorothée alisema. "Hatukuongea kitu."

* * *

Nyumbani hapakuwa na ugomvi. Ingekuwa afadhali ugomvi, Polycarpe aliwaza, maana ugomvi una mwisho. Dorothée alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, akasonga fufu, akapakua. Alipotaka kusema jambo na mumewe alilisema kwa Carmel.

"Muambie baba yako chakula iko mezani."

"Baba, chakula—"

"Nimesikia."

Polycarpe alikula peke yake. Alitaka kumwambia mkewe kwamba mlango ule aliuacha wazi kwa ajili ya mama yake na si kwa uzembe, lakini alikuwa ameshalisema hilo kilimani mbele ya watu na halikumsaidia.

Jumatatu alibeba beseni la maharagwe, akaliuza, akafunga données kwanza, ndipo akanunua mega nyingine kidogo. Akakaa kwenye kibanda cha Élysée kama mwanafunzi wa katekisimu, akibonyeza mwenyewe kwa kidole chake huku Élysée akielekeza. Aliporudi nyumbani alisimama mlangoni akayasema yote aliyojifunza, bila kuruka.

"Ku duka ya applications nimeweka ile ya kusema zisijibadilishe zenyewe. Ku système nimeweka ingoje mpaka tuiruhusu. Picha na video hazitashuka mpaka mutu abonyeze. Na données zenyewe nimezifunga kabisa. Mega ziko ndani zimelala, hakuna kitu itazigusa mpaka Jumapili ingine."

Dorothée alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo. Aliichukua simu, akaiwasha kutafuta ile picha ya kijani aliyozoea kuibonyeza. Haikuwa mahali pake. Ilikuwa imehamia pembeni, na rangi yake ilikuwa imepauka.

"Hata sura ilibadilisha," alisema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia mumewe tangu jana, na Polycarpe alilipokea kwa shukrani.

"Ni ile mise à jour."

"Ilikula mama yangu ikajinunulia nguo," Dorothée alisema, akairudisha simu mkononi mwake, akaendelea na maharagwe.

* * *

Alhamisi alikuwa shambani akipalilia alipomuona Élysée akishuka kilima. Dorothée aliinua jembe, akalishusha. Kila mtu Nyabiondo alijua kwamba Élysée hatoki kibandani kwake mchana, hata akiitwa chakula, kwa kuogopa simu za watu. Na sasa alikuwa anakuja kwa kijia cha bondeni, kofia mkononi. Hakuhitaji kufika ili aeleweke.

"Mama Carmel," alisema alipofika. "Esdras alipiga ku simu yangu. Alisema yako haipatikane."

"Ni lini?"

"Asubuhi. Alisema mama alilala vizuri, hakuamuka."

Dorothée aliitika kwa kichwa. Akainama, akaendelea na mstari wa maharagwe aliokuwa ameuanza, polepole, mpaka akaumaliza. Élysée alisubiri mwisho wa mstari, asijue aende ama abaki. Hapo ndipo Dorothée alipokaa chini kwenye udongo, akalia.

Kilio walikikalia bila maiti. Mikeka ilitandikwa, majirani wakaja na kuni na unga, wanawake wakaimba nyimbo za wafu kwa ajili ya mtu aliyezikwa kule ambako pikipiki hazifiki. Wanaume walikaa nje. Dorothée alikuwa amelala karibu na ukuta wa mbao, na maneno ya nje yalipita kama hakuna ukuta.

"Kwa hiyo ni simu njo ilikula mega?"

"Njo hivyo. Wakati imelala ku charge."

"Na mwenyewe alikuwa wapi?"

Mtu alikohoa kuficha kicheko. Kisha sauti ya Polycarpe, ya chini, ilisema, "Niliiacha wazi," na hakuongeza kitu. Alikuwa analisema kila alipoulizwa, na aliulizwa na kila aliyefika. Kule ndani Dorothée alilisikia mara nyingi mpaka likaanza kumuumiza kwa ajili yake. Hakuwa na nguvu ya kwenda kumtetea. Hakuwa pia na nguvu ya kuendelea kumkasirikia, na hilo lilimshangaza kidogo, kwa kuwa hasira hiyo ndiyo iliyomshika wima juma lote.

* * *

Watu walipotawanyika, wenye chochote kilichobaki wakiwa wamewachangia unités, Dorothée na Polycarpe walipanda kilima kumpigia Esdras. Safari hii Dorothée hakuoga mara mbili. Kitambaa alikifunga njiani. Alipofika kibandani alisimama mbele ya Élysée.

"Nilikuita mwizi," alisema. "Unisamehe."

"Ilipita, mama. Pole na msiba."

Esdras alipokea mara moja. Alimueleza dada yake mazishi: nani aliomba sala, nani alichimba, jinsi mvua ilivyowaonea huruma.

"Dada, ile video uliiona?"

"Video gani?"

"Ile nilikutumia. Jumapili ile ile, jioni. Nilingoja jibu. Nikasema labda ameiona analia, tumuache."

Dorothée alimgeukia mumewe. Simu ilikuwa kwenye sauti ya juu, alikuwa amesikia yote. Polycarpe alikaa juu ya lile jiwe alilopanda siku ile, na mikono yake ikaanguka kati ya magoti.

"Nilifunga," alisema. "Nilikuwa nimefunga données. Nikifungua inakula, nikifunga haiingie. Mama Carmel, mimi sijue tena." Machozi yalimtoka, mtu mzima, mchana, mbele ya vijana wa réseau, na hakujaribu kuyafuta.

"Esdras," Dorothée alisema kwenye simu, "video ya nini?"

"Ya mama. Wakati ilikatika, yeye hakujua. Alikuwa bado anaangalia kioo, anakungoja. Wanaume wamemubeba ile kilima yote, wako wanapumua pale. Nikaona aibu kumuambia kama imekwisha. Nikafungua kamera ya video tu, ile ya mbele, ile inakuonyesha uso yako mwenyewe. Nikamuwekea karibu. Njo akaongea."

"Akaongea na nani?"

"Na wewe, dada. Utaona."

Esdras alikata. Polycarpe alibaki ameishika simu, hathubutu kubonyeza kitu, mpaka Dorothée alipomwambia, kwa upole ambao hakuupanga, "Fungua mlango, Papa Carmel. Mega si ziko?"

Alizifungua données. Simu ikatetemeka, ikatetemeka tena, rambirambi na salamu za juma zima zikiingia. Chini yao kulikuwa na mraba wenye ukungu, rangi ya udongo na doa jeupe, na mshale katikati. Dorothée aliujua weupe ule. Alibonyeza mwenyewe. Kiduara kikaanza kuzunguka, na wote wawili wakakiangalia, lakini safari hii kilijaa.

Uso wa Koko Solange ulikuja karibu sana, ukijaza kioo chote, macho yake ya ukungu yakitafuta.

"Dorothée, bado uko?" Alinyamaza, akisikiliza kwa lile sikio lake zima. "Ehe. Sasa njo nakuona."

Aliangalia muda mrefu. Mdomo ulimcheza.

"Umezeeka, mwanangu. Kumbe umezeeka hivi? Umekonda kabisa. Sasa umefanana na mama yangu mimi, hata hii mashavu." Alinyamaza tena, akatikisa kichwa kama mtu anayejibiwa. "Na nani alikufunga kitambaa vibaya hivi? Binti yako haone?"

Mkono wake ulionekana, umepanda kichwani mwake, ukarekebisha kitambaa. Akatabasamu. "Haya. Sasa ni muzuri. Unaona, ukitaka unaweza."

Polycarpe aliziba mdomo kwa kiganja.

"Usilie," mama alisema kwenye kioo, maana alikuwa analia mwenyewe. "Kazi ni nyingi, najua. Umuambie Polycarpe aksanti. Mega ni ghali, Esdras ameniambia, na bwana yako ametafuta mpaka amepata. Musigombane ju ya kunitafuta mimi. Nimekuona, inatosha. Esdras, tushuke, naona mvua."

Vidole vyake vilikuja mbele, vikagusa kioo pale ambapo shavu lingekuwa, na kioo kikawa chekundu-giza, rangi ya kiganja kikiwa na mwanga nyuma yake. Ikaishia hapo.

Vijana kwenye majani walikuwa wameacha simu zao. Élysée aligeukia nyaya zake. Polycarpe, machozi bado mashavuni, alifanya alichofundishwa: aliteremsha kidole, akafunga données upesi, kabla hakijaamka kitu cha kula zile zilizobaki.

"Tukiiangalia tena, itakula mega?" Dorothée aliuliza.

"Hapana. Ikishaingia imeingia. Hata bondeni utaiona, hata bila réseau."

Alikaa kando yake juu ya jiwe. Lilikuwa dogo kwa watu wawili, ikabidi wabanane.

"Weka tena," alisema. "Shika wewe."

Polycarpe aliishika simu kwa mikono miwili na kumuwekea mbele ya uso, karibu, kama siku ile.

"Dorothée, bado uko?" mama yake aliuliza, akanyamaza kusikiliza.

"Niko, mama," Dorothée alisema.

"Ehe," mama akajibu. "Sasa njo nakuona."